Mpendwa, Usikubali Fundi Afunge Hita

Leo naongea na wenye magari ya zamani. Wewe uliyerithi Peugeot 504 ya baba, wewe wa Datsun 1200, wewe wa Land Rover ambayo mpaka leo inapeleka viazi sokoni. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu neno hili linahusu watoto wanaokaa kiti cha nyuma.

Unajua vile huwa inaenda. Hita inaanza kuvuja, unapeleka gari gereji. Fundi anakata zile hosi mbili zinazoingia ndani, anaziunganisha kwa kipande cha bomba, anakaza klipu, kisha anakwambia, "Mzee, hapa ni Kenya, hita ni ya Wazungu." Unacheka, unalipa kidogo, unaenda nyumbani.

Mimi nasema hapana. Kenya gani hiyo? Kama unaishi Mombasa na gari halijawahi kupita Mariakani, sawa, sibishani na wewe. Lakini kuna Kenya ya Limuru mwezi wa Julai. Kuna Kinangop, kuna Molo, kuna Timboroa iliyo juu zaidi ya mita 2,700. Weka watu watano ndani ya gari huko saa kumi na moja asubuhi, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Pumzi yao ni mvuke, kioo ni baridi, na dakika chache tu kioo cha mbele kimekuwa cheupe kama shuka. Dereva anafuta kwa mkono wa sweta huku anashika usukani kwa mkono mmoja, na mbele yake kuna lori lisilo na taa. Tunaombea safari, na tutaendelea kuombea. Lakini hewa ya moto inayokausha kile kioo iliwekwa na waliotengeneza gari, na wewe umeilipia bomba la kuipita kando.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Hita ni rejeta ndogo. Maji ya moto ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza, joto linaingia kwa gari. Kwa hivyo ukiwa unapanda mlima kutoka Mai Mahiu na geji ya joto inapanda pamoja na wewe, ukifungua hita mpaka mwisho na feni kwa nguvu zote, unaondolea injini sehemu ya joto lake. Mtatoa jasho, ndiyo. Lakini mnaweza kufika mahali pazuri pa kusimama kabla gasket ya silinda hedi haijaungua. Na kumbuka, ukifika juu kama Timboroa, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 91 hivi, si 100. Kofia ya rejeta isiyoshika presha huko inakuaibisha haraka.

Sasa, mgeukie fundi wako umwambie: tunafungua yote. Sisemi kubadilisha rejeta ndogo peke yake. Kazi kubwa ya hita si hita, ni kutoa dashibodi. Ukishaitoa, usiirudishe mpaka kila kitu ndani ya lile sanduku kimeguswa. Mtu anayelehemu tundu moja na kurudisha sponji iliyooza atatoa dashibodi hiyo hiyo tena kabla ya Krismasi.

Piga picha kabla ya kutoa waya wowote, na ubandike karatasi kwenye kila waya. Maji yatolewe injini ikiwa imepoa. Kisha, tafadhali, hosi zilizoshikamana zisivutwe wala kuzungushwa. Zipasuliwe kwa urefu kwa kisu. Hosi ni rahisi kupata, lakini yale mabomba mawili madogo ya rejeta yakipindwa yanang'oka kwenye maungio, na hapo umeharibu kitu kilichokuwa kizima.

Ukifungua sanduku utashangaa. Majani makavu, kiota cha panya, na vumbi jeusi ambalo zamani lilikuwa sponji. Usilipulize kwa kompresa. Baadhi ya gasket na mikeka ya kuzuia joto ya miaka hiyo ilikuwa na asbesto, kwa hivyo lowesha kwanza, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Angalia rangi ya rejeta. Kama ni shaba, nyekundu au ya njano, fundi mzuri wa rejeta atailehemu, na hao wapo, pale Kirinyaga Road utauliza na kuonyeshwa. Kama ni alumini, nyepesi na nyeupe, lehemu ya kawaida haiishiki, na gundi ya kuziba ni kupoteza pesa. Tafuta nyingine. Kuipima ni rahisi: ziba bomba moja, pampu ya baiskeli kwenye lingine, itumbukize kwenye beseni la maji uangalie mapovu. Presha isizidi ile iliyoandikwa kwenye kofia ya rejeta. Kompresa ya magurudumu itaipasua.

Mota ya feni wengi huitupa bure. Mara nyingi imekauka grisi tu. Isafishwe, kaboni zilizoisha zibadilishwe, tone la mafuta mepesi pande zote mbili za ekseli, kisha ijaribiwe kwa betri ikiwa bado mezani. Vile vimlango vinavyoelekeza hewa ndivyo vinanipa uchungu, kwa sababu hakuna anayevikumbuka. Visipopata sponji mpya, ile isiyonyonya maji, joto lote litaishia miguuni na kioo kitabaki na ukungu wake. Na koki ya hita ifunguke na kufunga kwa vidole, bila kutumia koleo.

Wewe wa Beetle, usifikiri nimekusahau. Gari lako halina maji. Joto lake linatoka kwa hewa inayopita kwenye visanduku vilivyozunguka egzosi. Kisanduku kikitobolewa na kutu, moshi wa injini unaingia ndani pamoja na joto, na ndani yake kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma kidogo, watoto wanalala, unafikiri ni uchovu wa safari. Watu hufa hivyo. Kwako nasema kinyume cha nilichowaambia wengine: kama visanduku vimetoboka, usiwashe hita hata mara moja mpaka viwekwe vizima, na kiraka cha bati juu ya kutu usikikubali. Hata ukiwa umeizima, ukisikia harufu ya moshi ndani, fungua madirisha, simama, teremsheni watoto.

Na ninyi wa maji, mkirudisha kila kitu, weka kulanti iliyochanganywa vizuri, si maji ya mfereji yanayoleta kutu. Ile iliyomwagika ifutwe yote. Nyingi huwa na ladha tamu, na ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Jaza koki ya hita ikiwa wazi, injini ikinguruma taratibu. Ukisikia sauti kama kijito nyuma ya dashibodi, bado kuna hewa ndani, ongeza subira na maji. Kisha kwa wiki moja, kila jioni, weka mkono chini ya kapeti upande wa abiria. Likiwa limelowa, au ukinusa utamu ndani ya gari, au kioo kikipata ukungu wenye mafuta usiofutika, bado inavuja. Rudi kwa fundi kabla ya safari ya Limuru.