Fedha Mkononi mwa Mkulima

Wengi wetu, tutakapo kumsaidia mkulima maskini, humchagulia msaada wenyewe: leo unga, kesho nguo. Fedha twamnyima, kwa kuchelea kwamba atazinywea pombe. Dhana hii yafaa ipimwe kwa yaliyoonekana Siaya, nchini Kenya.

Huko, kuanzia mwaka 2014, jamaa zaidi ya 10,500 wakaao katika nyumba za nyasi walipewa yapata dola 1,000 kila jamaa, kwa njia ya simu, bila ya sharti lolote. Nao utafiti uliotangulia, wa Rarieda, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa matumizi ya pombe na tumbaku hayakuzidi. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Na mabati si anasa, kama wapita njia wadhanivyo: paa la nyasi hutaka nyasi mpya kila mara, na kila kuezeka upya ni fedha zitokazo katika chakula cha watoto.

La ajabu zaidi ni habari ya majirani. Aliyepewa alinunua dukani na kumlipa fundi, hata matumizi ya wasiopewa nayo yakazidi. Na bei za sokoni hazikupanda ila kwa kadiri ndogo mno.

Basi, ndugu msomaji, utoapo sadaka, wampa maskini akitakacho, au ukipendacho wewe?

Lakini fedha hazikutenda yote. Kule Rarieda, afya na elimu ya watoto havikuonekana kubadilika sana katika muda ule mfupi.