Nyumba ile ni ya nani?

Mzazi mwenzangu, mwanao akisoma Marekani huenda akaalikwa kuhamia nyumba ya chama cha udugu cha wanafunzi. Nyingi si mali ya chuo, na mkono wa chuo haufiki kila chumba. Februari 2017, jimbo la Pennsylvania, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe katika nyumba kama hiyo akaanguka ngazini. Zilipita karibu saa 12 kabla ya wenzake kuita msaada. Akafariki. Chuo cha Williams kiliamua mwaka 1962 kuwapa wanafunzi wote malazi na chakula chenyewe. Baadhi ya wahitimu walinuna kwelikweli. Kabla ya kutuma kodi, omba mkataba usome jina la mwenye nyumba.