Bunduki Iliyomsaliti Askari
Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza miaka minne tangu imalizike. Wazee wa Mwitongo walikuwa wametawaliwa na Wajerumani, ambao askari wao wengi Waafrika walipewa bunduki za mtindo wa 1871. Kila risasi ilitoa wingu la moshi. Adui akajua mpigaji alipojificha. Waliposhinda Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki za kisasa za Waingereza, zikatosha kombania tatu. Wengine wakaendelea na moshi wao. Askari hakuichagua bunduki ile. Alikabidhiwa, akaamriwa asimame imara. Nawe mzazi, kabla hujamkabidhi mwanao jembe au mtumbwi, kikague chombo hicho kwa mikono yako.