Safari ya Mtoni Huanzia Nyumbani

Ndugu msomaji, shule zinapofungwa mwezi Juni, wazazi wengi wa mjini hukabiliwa na swali lile lile la kila mwaka: watoto tuwapeleke wapi? Kuwapeleka kijijini kwa babu na bibi ni jambo jema, na safu hii haitalipinga. Lakini kwa familia iliyokwisha kuweka akiba kidogo, ipo safari nyingine inayofaa kufikiriwa: siku tatu au nne katika Mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Rufiji huanza pale Mto Kilombero unapokutana na Mto Luwegu, na mbele yake Ruaha Mkuu nao huungana nao. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 2019 kwa kumega sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Baada ya kutoka katika korongo la mawe, mto hutambaa katika tambarare na kulisha maziwa madogo kama Manze, Tagalala na Nzerakera. Huko mivumo imesimama kando ya maji, tembo huja kunywa jioni, na viboko hukoroma mchana kutwa. Mtoto aliyezoea kuwaona wanyama hawa vitabuni atajifunza mengi kwa siku moja.

Hata hivyo, mto si bustani ya kupumzikia. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kabla hujalipa hata shilingi moja, hapana budi uamue mambo matatu.

Jambo la kwanza ni wakati. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, si ya safari hii. Barabara ya Kibiti, Mkongo na Mloka huharibika, na mto hufurika. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakosesha makazi watu wengi wa Rufiji. Aidha, tangu Desemba 2022 maji yanazuiwa na Bwawa la Julius Nyerere, na kwa hiyo kina cha mto chini ya bwawa hutegemea mvua pamoja na maji yanayofunguliwa. Chagua kati ya Juni na Oktoba, na siku chache kabla ya kuondoka uliza hali ya maji kwa watu walioko huko.

Jambo la pili ni chombo. Hapa ndipo tamaa ya kupunguza gharama huua watu. Kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Basi uliza boti imeruhusiwa kubeba watu wangapi, uhesabu na watoto, na ukumbuke kwamba mizigo nayo ina uzito. Kila abiria awe na jaketi okozi, yaani lile vazi la kumwelesha mtu majini, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapotumbukia. Lijaribuni nchi kavu: mwinue mtoto kwa kulishika mabegani. Likimpanda hadi masikioni, halimfai. Kama mwenye boti hana la kumtosha, ahirisheni safari. Usikubali kuambiwa kwamba mwendo ni mfupi.

Wako watakaotaka kupiga kasia wenyewe. Shauku hiyo ni njema, ila Rufiji si mahali pa kujifunzia. Waliopo kaskazini wanaweza kuanza katika ziwa Momela Ndogo, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako wageni huendesha mitumbwi wakiwa na kiongozi. Katika Rufiji, familia inayokwenda kwa mara ya kwanza na ipande boti ya nahodha anayeufahamu mto.

Jambo la tatu ni uongozi. Safari moja haiwezi kuwa na wakubwa wanne. Neno la nahodha ndilo la mwisho, hata kama baba ni meneja kazini kwake. Kiboko anaposhtuka hukimbilia maji ya kina, na chombo kikiwa kati yake na kina hicho atakipitia hapo hapo. Kwa sababu hiyo nahodha hodari humwachia kiboko kina, naye hupita pembeni, penye maji machache. Mara nyingine hugonga ubavu wa boti ili wanyama walio chini wajue kuwa kuna mtu. Akisema turudi, mrudi. Watoto nao waonywe mapema: mikono haitoki nje ya boti, hakuna kuoga mtoni, wala kuchota maji ukingoni, kwa maana mamba haonekani mpaka amekwisha kukamata. Usiku viboko hutoka kula majani, kwa hiyo hema lisimamishwe mahali palipoonyeshwa na askari wa hifadhi.

Mizigo isiwe mingi. Nguo, unga na vyandarua vitiwe katika ndoo yenye mfuniko. Maji yakiingia botini, havitalowa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi usiitegemee. Viberiti vitie katika chupa yenye kifuniko. Maji ya kunywa yawe lita tatu kwa mtu mzima kwa siku, yaliyochemshwa. Vaeni kofia na nguo za rangi ya udongo, kwani mbung'o hupenda nyeusi na buluu iliyokoza. Dawa za kila siku za mgonjwa zikae mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana.

Kuhusu fedha, familia tatu au nne zikikodi gari pamoja zitapunguza mzigo. Punguzeni katika usafiri, katika chakula, hata katika idadi ya siku. Katika majaketi na nahodha, msipunguze.

Ndugu msomaji, kaeni jioni moja, baba, mama na watoto, mwandike mambo haya katika daftari: tarehe, chombo, kiongozi, mizigo na gharama. Mwachieni jirani au ndugu nakala yenye siku ya kurudi, ili ajue lini aanze kuuliza habari zenu. Daftari likikamilika, nendeni. Lisipokamilika, mto utakuwapo mwakani, na jambo kubwa ni kwamba nanyi muwepo.