Nani Aliyemwua Mwalimu Goso?

Wasomaji wangu wa pwani wataniwia radhi kwa kuwaandikia leo kutoka mbali na bahari. Niko Kiamunyi, pambizoni mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Eldama Ravine, nilikokuja kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huku. Baridi ya hapa haimruhusu mtu wa pwani kukaa barazani baada ya Magharibi. Basi nalijifungia ndani, nikachukua kitabu cha mpwa wangu: Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, kilichotoka mwaka 2016 na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya.

Hadithi iliyokipa kitabu jina ni ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar. Wanyonge wa Madongoporomoka wanatakiwa waupishe mtaa wao. Jitu nene laingia mkahawani kwa Mzee Mago, lala chakula chote kilichopikwa, kisha laahidi kurudi kesho yake. Kando ya ukurasa huo mpwa wangu ameandika kwa kalamu ya risasi: "unyakuzi wa ardhi".

Nikamwuliza, "Na wewe uliposoma hapa, moyo wako ulisema nini?"

Akacheka. "Mjomba, swali hilo halikuja katika mtihani."

Kijana huyu hana makosa. Alifunzwa kuipasua hadithi kama mchuuzi apasuavyo samaki: maudhui huku, wahusika kule, tamathali za usemi pale. Alifaulu. Lakini nilisikitika, kwani hadithi haikutungwa ili tuiulize maswali sisi tu. Nayo hutuuliza.

Nikamsimulia ya Goso, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizozikusanya Unguja. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa akapanda kuiba matunda, buyu likaanguka, likamwua mwalimu. Wanafunzi wakamzika, wakaenda kumtafuta muuaji. Wakaushika upepo wa kusi wakaupiga. Kusi ikajitetea kwamba lau ingekuwa na nguvu hizo, isingezuiwa na kiambaza. Wakakiendea kiambaza, nacho kikamtaja panya akitoboaye. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu. Hivyo hivyo hadi moto, maji na ng'ombe, mpaka wakamfikia paa. Paa akakosa la kusema, wakamwua.

Nilipokuwa mtoto wa chuo tulikicheka kisa hiki tukijificha nyuma ya mbao zetu, kwa kuwa mwalimu aliyeuawa alikuwa mwalimu, na wetu alikuwa na bakora. Sikuona zaidi ya hapo.

Mpwa wangu hakucheka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, mbona wote wana jibu moja? Kila mmoja asema yeye ni dhaifu."

Hapo ndipo nami nilipopatikana. Miaka iliyopita wazee wa kijiji kimoja cha pwani walinijia. Shamba walilozaliwa na kuzikia wazee wao lilikuwa limeonekana lina hati ya mtu mwingine. Jambo hilo si geni kwetu: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya pwani wathibitishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wengi hawakujua. Wazee wale walikuwa wamekwenda kwa karani, akawatuma kwa mkubwa wake. Mkubwa akawatuma kwa mpima ardhi. Mpima akasema yeye hufuata ramani tu. Mwisho wakaja kwangu. Nikawaambia, "Mimi ni mwandishi tu, mhariri ndiye mwenye gazeti." Sikuandika hata mstari. Nalikuwa kusi, nikawaelekeza kwenye kiambaza.

Haya nilimwambia mpwa wangu, na kumwambia mtoto aibu yako si kazi nyepesi. Ila kama ningalibaki na maudhui peke yake, ningalikufa nikidhani ngano ile ni ya paa.

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika hili. Surat Yusuf yajieleza yenyewe kuwa ni kisa kizuri kuliko visa, na humo ndugu wanamsingizia mbwa mwitu dhambi waliyoitenda wao. Tangu zamani, basi, kisa kimekuwa kioo, na ajitazamaye huiona sura yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fasihi: fundisheni maudhui, kwani mtihani upo na watoto wanahitaji kupita. Lakini kabla ya kengele kulia, mwulizeni kila mmoja angesimama wapi katika hadithi aliyoisoma. Nanyi wazazi, simulieni ngano zenu usiku, hata kwa vijana waliokwisha kumaliza shule.

Asubuhi nilikikuta kitabu kimefunguliwa mezani. Chini ya "unyakuzi wa ardhi" mpwa wangu ameongeza: "Na wale wazee, mjomba?"

Nitakaporudi pwani nitawatafuta.