Manyanga Yasinyamaze Ipuli

Ndugu zangu wa Ipuli na Tabora nzima, nawaomba tusimame na ngoma zetu: manyanga, uyeye na hiari ya moyo. Zimo vifuani mwa wazee, na wazee wanatuaga mmoja mmoja.

Mji wetu wa Tabora ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi, wakiimba. Utani wetu na Wazaramo umekomazwa na safari hizo. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kwihara ya hapa Tabora ikiwemo. Nafurahi. Ila ukuta wa nyumba ya tembe pale Kwihara ukianguka utajengwa tena kwa kufuata picha. Wimbo aliozikwa nao mwimbaji hatuupati tena.

Mtazameni mpiga manyanga. Kibuyu kimo mkononi, mbegu zinalia ndani, mguu unajibu, mwimbishaji anatupa ubeti na wenzake wanaudaka kabla haujagusa chini. Mtoto hayashiki hayo kwa kutazama simu tu. Huyashika akicheza nyuma ya anayejua. Marehemu Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walisikika redioni nchi nzima. Leo nani Ipuli anamfundisha mjukuu?

Jirani zetu Wasukuma wana makumbusho ya Bujora, na kila Juni wana tamasha la Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Ushindani huo ndio unaowapeleka vijana mazoezini. Sisi vikundi vyetu tunavikumbuka kwenye mapokezi ya viongozi, tunavipa dakika tano na soda. Hiyo si haki.

Ukiwa na harusi mwaka huu, alika kikundi cha mtaani kwako, mpatane malipo mapema, na muwaache wamalize wimbo. Walimu, mwiteni mzee shuleni awafundishe watoto, naye apewe nauli na heshima yake. Vijana wenye simu, rekodini wimbo mzima, mwandike jina la mwimbaji, kijiji chake na maana ya maneno ya Kinyamwezi. Waheshimiwa madiwani, tengeni siku moja baada ya mavuno kwa mashindano ya ngoma ya kata zote.

Na wewe mzazi unayesoma hapa, mpeleke mwanao mazoezini Jumapili hii.