Kulipa Si Kutoa: Neno "Kodi" katika Utafiti wa Uchumi Kivu

Januari 2020 jarida la Journal of Political Economy lilichapisha makala ya mwanauchumi Raúl Sánchez de la Sierra kuhusu chimbuko la dola. Ushahidi wake haukutoka Ugiriki ya kale wala Ulaya ya wafalme. Ulitoka kwetu, katika machimbo na vijiji vya mashariki ya Kongo.

Hoja yake inaeleweka hata kwa sisi tuliozoea fonimu na mofimu. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, wenye silaha walihamia machimboni, wakaweka vituo vya kutoza na wakatoa ulinzi. Koltani ni mzigo mzito, huwezi kuificha kwenye soksi. Dhahabu unaweza. Kwa hiyo bei ya dhahabu ilipopanda, wenye silaha hawakuhangaika na mashimo. Walikwenda kukaa vijijini, mahali pesa ya dhahabu inapotumiwa, na huko wakaanzisha vibali vya kuingia machimboni, kodi na utawala wao. Makala inafikia hitimisho linaloshtua: pale jambazi anapokaa, awe mwanamgambo au mwanajeshi wa serikali, hali ya wanakijiji inaweza kuwa nafuu kuliko pale asipokuwapo.

Wazo la "jambazi mkaazi" (tafsiri ni yangu, mwenye bora zaidi alete) lilienezwa na Mancur Olson mwaka 1993. Mpita njia anakomba kila kitu na kuondoka, lakini mkaazi anakuachia kidogo ili kesho upate cha kumpa tena. Bibi yangu hakumsoma Olson, ila alijua kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sidhani mtu wa Masisi angeshangazwa na hitimisho hilo. Angeshangaa tu kwamba limechapishwa.

Sina ugomvi na hesabu za makala hiyo, wala sina uwezo wa kuzipinga. Nina neno juu ya neno moja, nalo ni kodi. Kundi zima la tafiti za uchumi na sera kuhusu Kivu linaegemea swali la nani anamtoza nani kodi, na swali hilo huulizwa kwa Kiswahili, kisha jibu lake linarudi kwenye Kiingereza kama tarakimu. Kati ya safari hizo mbili kuna kazi ya isimu, na watu wa isimu hatumo.

Mimi ni mtu wa Mweso, katika sheferi ya Bashali, teritware ya Masisi. Nyumbani kwa wengi kule huzungumzwa Kihunde au Kinyarwanda, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa, ya hospitali na ya kizuizini. Mwaka 2021 nilipata kibarua cha siku chache cha kuongoza na kufasiri kwa timu moja ya hojaji. Haukuwa utafiti wa Sánchez de la Sierra, na waliotuajiri sitawataja. Swali mojawapo kwenye kompyuta ndogo lilikuwa: "Je, katika miezi sita iliyopita, kaya yako ililipa kodi yoyote kwa kundi lenye silaha?" Mama mmoja, mkulima wa maharagwe, alijibu bila kusita: "Hapana. Kodi hatulipake. Tunatoaka tu ya lala salama." Mwuliza maswali akabonyeza "Hapana" na kwenda kwenye swali la idadi ya mbuzi. Nilipomwambia kwamba mama amejibu ndiyo, akasema hojaji haina nafasi ya maelezo.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: lala salama ni malipo ambayo kaya hutoa kwa wenye silaha, mara nyingi kila wiki au kila mwezi, ili usiku upite bila kugongewa mlango. Mahali pengine unapewa jeton, kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba umetoa, na ole wako ukutwe njiani huna. Mwanauchumi yeyote angeiita kodi. Ina kiwango, ina muda, ina stakabadhi, ina adhabu. Lakini mama hakudanganya, wala hakukosa kuelewa swali. Alitumia lugha yake kwa usahihi kuliko waliotunga hojaji.

Tuanze na vitenzi. Kulipa kunadai kuwe na deni, kwa hiyo anayelipa anakubali kwamba alidaiwa. Kutoa hakusemi lolote juu ya haki ya anayepokea, kunasema tu kwamba kitu kimetoka mkononi mwangu. Kutozwa kunamweka msemaji kuwa mtendwa. Kuchanga kunawaweka wote kuwa kundi moja lenye shughuli moja. Kisha nomino. "Kodi" katika Kiswahili cha Kongo ina kumbukumbu ya kodi ya kichwa ya enzi za Wabelgiji, na kwa wengi ni kitu cha serikali peke yake. Kinyarwanda nacho kinatenganisha umusoro, yaani kodi, na umusanzu, yaani mchango. Na kuna salongo, neno lililotufikia kupitia Kilingala, ambalo wakati wa Mobutu lilikuwa kazi ya pamoja ya lazima, na ambalo leo katika Masisi linaweza kumaanisha siku nzima ya kubebea au kulimia wenye bunduki. Siku hiyo ya kazi ni kodi? Kwa hesabu, bila shaka. Kwa hojaji inayouliza "ulilipa faranga ngapi", haipo.

Tazama pia kiambishi. Hojaji iliuliza "ililipa", tendo lililokwisha. Mama alijibu kwa -ak-, alama ya mazoea katika Kiswahili cha Kivu: tunatoaka, ndiyo desturi yetu. Pwani wangesema "hutoa". Kivu hiyo hu- haisikiki katika maongezi ya kawaida. Mtu anayeishi ndani ya mazoea ukimwuliza juu ya tukio, atatafuta tukio na kulikosa.

Watafiti makini wana kinga yao, tafsiri rejeshi. Hojaji hutafsiriwa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, mtu mwingine huirudisha kwenye Kiingereza, na matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Ni mbinu nzuri ya kukamata makosa ya tafsiri. Hapa hapakuwa na kosa la tafsiri. Neno la Kiingereza linakuwa "kodi", "kodi" inarudi kuwa neno lile lile, karatasi zinalingana, kila mtu anaridhika. Tatizo liko kwenye mpaka wa maana: neno la Kiingereza la mwanauchumi linafunika eneo lote la kutwaliwa mali kwa utaratibu, na "kodi" ya mama wa Mweso inafunika kona moja tu ya eneo hilo. Jambo hili tunalijua tangu somo la semantiki la mwaka wa kwanza.

Najua jibu la wanauchumi, nalo lina uzito. Mtafiti mzuri hulielewa hili, hukaa miezi na wenyeji, na hojaji yake huorodhesha lala salama, jeton, vizuizi na kazi ya lazima kila kimoja kwa jina lake. Kweli. Mwaka 2017 Peer Schouten, Janvier Murairi na Saïdi Kubuya walitoa ripoti juu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili. Walihesabu vizuizi 798, na kichwa chao kilisema kila kitembeacho kitatozwa. Hawakusubiri mtu aseme neno "kodi", walihesabu kamba, miti na watu waliosimama njiani. Ripoti hiyo ilisaidia kuwatoa watunga sera kwenye fikra kwamba vita vya Kivu vinaishi kwa madini peke yake. Mama mwenye gunia la maharagwe au la makaa naye anachangia vita, apende asipende. Si bahati tu kwamba wawili kati ya waandishi watatu ni Wakongomani.

Lakini kazi ya namna hiyo ikishatoka mikononi mwa mtafiti makini inaingia mikononi mwa sheria, na sheria haina masikio ya -ak-. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaeleze kama madini yao yanawanufaisha wenye silaha Kongo na nchi jirani. Kwetu iliitwa Sheria ya Obama. Mwongozo wa OECD unaoongoza ukaguzi wa madini hayo unataja wazi utozaji wa kodi haramu machimboni na njiani. Hivyo neno hili moja likawa kipimo cha kuamua gunia lipi ni safi na lipi ni chafu. Septemba mwaka huo huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Baadaye Dominic Parker na wenzake walikadiria kwamba uwezekano wa watoto wachanga kufa katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria hiyo uliongezeka zaidi ya mara mbili. Nia ilikuwa njema, mama zao hawakuulizwa.

Jambo hili halijapita. Baada ya mapigano ya Januari 2024, ambapo kombora liliua raia karibu 20 Mweso, mji uliingia mikononi mwa M23. Mwishoni mwa Aprili wakachukua Rubaya na machimbo yake ya koltani. Septemba mwaka huo Bintou Keita, mkuu wa MONUSCO wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara hiyo inaliingizia kundi hilo takriban dola 300,000 kwa mwezi. Kabla ya mwaka kwisha, ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilitaja dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi. Tofauti hiyo inaweza kuwa na sababu nyingi. Mimi ninauliza moja tu: katika kila hesabu, ni nini kilichoitwa kodi?

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana siku hizi, wa Kananga, Kasai. Balán, Bergeron, Tourek na Weigel walilinganisha mitaa ambako kodi ya nyumba ilikusanywa na maafisa wa serikali na mitaa ambako ilikusanywa na machifu wa mjini. Machifu walileta mapato zaidi kwa asilimia 44, kwa sababu walijua nani anaweza kulipa (na, makala inakiri, walipokea hongo zaidi). Ni utafiti mzuri. Ninachoogopa ni siku ofisa fulani atakapousafirisha hadi Masisi. Kwetu, kile anachopewa mwami na yule anayelima ardhi kimegombaniwa kwa vizazi: mmoja anakiita heshima, mwingine anakiita kodi ya pango, na kuchagua neno ni kusema nani mwenyeji na nani mpangaji. Watu wameuawa juu ya tofauti hiyo. Huwezi kuingia pale na fomu yenye neno moja.

Basi wanafunzi wenzangu, na walimu wetu kwa heshima zote: rafu za kitivo zimejaa tasnifu za methali na za riwaya za Shaaban Robert, nami nazipenda. Lakini Kiswahili kinachoamua bajeti na vikwazo ni kile cha hojaji, na sijaona tasnifu yetu hata moja iliyokichambua. Nadai jambo moja kwa watafiti: wanapochapisha data, wachapishe na maswali yote kwa lugha yaliyoulizwa, Kiswahili kile kile, pamoja na majina ya waliokitafsiri wakikubali kutajwa. Makala nyingi hutoa Kiingereza tu, kana kwamba mama alihojiwa kwa Kiingereza. Waandishi wa Bukavu Series walikwisha kueleza jinsi watafiti wasaidizi wa Kongo wanavyofutwa kwenye kazi waliyoifanya. Naongeza kwamba pamoja nao hufutwa na lugha waliyoifanyia kazi.

Kwa upande wetu, tunaweza kuanza faharasa ya maneno ya kutozwa katika Kivu: neno, mahali, nani anapokea, kitenzi gani huandamana nalo. Nimeianza yangu, na mapema tu nimekutana na ugumu ambao kitabu cha mbinu za utafiti hakinisaidii. Nilimpigia shangazi yangu aliyebaki upande ule, nikamwuliza siku hizi wanaitaje. Akanyamaza, kisha akasema: "Ayo si ya ku simu." Maneno laini kama lala salama yapo kwa sababu yanamlinda msemaji. Huwezi kujua anayeuliza atampelekea nani jibu. Kwa hiyo faharasa yenyewe haiwezi kutaja kijiji wala mwezi, na baadhi ya maneno itabidi yakae kwanza kwenye daftari hadi wenyewe waseme yanaweza kutoka.

Mapendekezo ya tasnifu yanapokewa muhula huu. Langu nimeliwasilisha, na swali la kwanza nililoulizwa ni kama hii ni isimu au uchumi. Nimeomba msimamizi mmoja kutoka kila upande, na bado nasubiri jibu.